Pijo Haifi, Inaoza

Msee akikushow anauza Pijo 504 pikapu, akuchapie injini iko fiti na inawaka na stata moja, usimtolee doo bado. Muulize kitu moja tu: chini iko aje? Akianza kuzungusha mdomo, ati bodi si noma, ni kapachi hapa, kaputi pale, alafu rangi, jua hapo ndio ganji yako itazikwa. Pijo haiuawangi na injini. Injini yake unaweza fufua na fundi wa kawaida, chini ya mti, na spea za Grogan. Bodi ikishaoza, ata ukusanye mawelda wote wa Kariobangi Light Industries, utakuwa unalipia gari mpya na bado unaiita ya zamani.

Naanza hapo ju siku hizi kila mse wa rika yetu anadai moti ya kitambo. Na naelewa. Simama Thika Road jioni ucheki: Vitz, Demio, Probox, Fielder, Note, Vitz tena. Zote zimekam na meli kutoka Japani, zote silva ama nyeupe, zote zimeshavaliwa na mtu mwingine kwanza ka njumu za Gikomba. Alafu katikati ya hiyo jam inatokea Pijo pikapu ya krimu, inakam mosmos, na kila mse kwa nganya anageuza shingo. Makanga anapiga mluzi. Buda wa mkokoteni anainua mkono. Hiyo respekti Vitz haiwezi kukupea, ata uifunge rimu za bei gani.

Respekti yenyewe ilitafutwa. 504 ilionekana mara ya kwanza kwa maonyesho ya magari ya Paris mwaka wa 1968, na 1969 ikabeba taji ya Gari la Mwaka huko Ulaya. Bodi ilichorwa na Pininfarina, wasee wa Italia, na zile taa za mbele zimekatwa pembe watu walizifananisha na macho ya Sophia Loren, yule manzi wa filamu. Icheki usiku ikikam na dimu utaona hawakuwa wanabluff. Pikapu ilifuata mwisho wa miaka ya sabini kuchukua kazi ya pikapu ya 404, na hapo ndio sisi tunaingia kwa hii stori. Ju 504 zetu ziliunganishwa hapa hapa Kenya, Mombasa, kwa kiwanda ya AVA. Ufaransa walimaliza na saluni 1983. Mombasa bado walikuwa wanafunga boliti za pikapu miaka mingi baadaye. Kwa hivyo mse akikuambia Pijo ni gari ya wazungu, mwambie hiyo kitu ni mpwani.

Safari Rally nayo ilimwaga petroli kwa moto. 404 ilishinda 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, na hizo mbili za katikati mwenye alikuwa kwa stelingi ni Bert Shankland, dere wa Tanzania. 504 ikachukua yake 1975 na Ove Andersson, alafu 1978 na Jean-Pierre Nicolas, ingawa hiyo ya Nicolas ilikuwa kupe ya V6, si binamu wa karibu wa pikapu ya kubeba kabeji. Wabuyu wetu hawakujali hiyo tofauti. Waliona simba kwa grili, ikatosha.

Lakini marali peke yake haingefanya shosh yako ajue jina ya gari. Mwenye alifanya hiyo kazi ni odijo wa Kisii mwenye alichukua mkopo wa sacco akabuy moja, mkulima wa Kinangop na viazi zake, mse wa miraa akitoka Meru usiku akikanyaga mafuta ka ameibiwa bibi, na zile 504 za safari ndefu, stesheni wagoni, zenye zilibeba abiria Nairobi mpaka Kisumu enzi za wazae wetu. Watu hawakuwa wanasema wanapanda matatu. Walisema wanapanda Pijo. Chifu alikuwa nayo. Polisi walikuwa nazo. Ukikua mtaani miaka ya themanini na uskie Pijo nyeupe imesimama nje ya ploti usiku, hukutoka kuangalia ni nani.

Sasa, kuipata. Hapa kuna ukuta. Kenya haikubali uingize moti imepita miaka 8, na stelingi lazima iwe upande wa kulia. Hiyo standadi inaitwa KS 1515:2000. Sahau hiyo ndoto ya kuagiza 504 safi ya babu fulani wa Ufaransa. Pikapu zenye ziko nchini ndizo ziko, hakuna zingine zinakam, na kila wiki zinapungua. Adui yako hapa si kolekta wa Karen na Land Rover zake. Ni yule mse wa mkokoteni anapita kwa mtaa akiita vyuma kuukuu. Yeye ananunua Pijo kwa kilo. Mwaka wa 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma kuukuu kuanzia Januari ju ya wizi wa vyuma za nguzo za stima, na mwezi wa Mei ikafunguliwa tena. Hiyo miezi michache nadhani ndio Pijo za shags zililala usingizi mzuri zaidi miaka ya karibuni. Na zikishakatwa haziishi hivo tu. Springi za moti za zamani zinafika Gikomba, wasee wanazichoma na kuzigonga mpaka zinakuwa patasi na panga. Naheshimu hiyo kazi. Lakini naumia.

Ukiamua kutafuta, tafuta mahali kavu. Pijo imekaa Nanyuki ama Machakos miaka ishirini inaweza kuwa na mabati mazuri kuliko yenye imekaa Kilifi miaka mitano, ju chumvi ya bahari haina huruma. Na kukaa kavu si kukaa nje juani tu. Uliza ilikuwa imepaki wapi. Chini ya mti, majani yanajazana pale chini ya kioo ya mbele, yanashika maji, mabati yanaliwa kutoka ndani ukiona rangi bado inang'aa nje. Kwa nyasi, unyevu unapanda usiku kucha. Na ukipata kuku wamegeuza kebini kuwa nyumba yao, usicheke sana: mavi ya kuku inakula chuma vibaya, na floo ya kebini inaweza kuwa haiko.

Ukifika kwa boma, Sheng iache kwa geti. Hapo unabonga na mzee, na mzee hauzi chuma, anauza maisha yake. Gotea kila mtu, kunywa chai umepewa, usiikimbilie gari ka mse wa mnada. Hizi mazungumzo huwa zinaenda karibu hivi:

"Guka, hiyo Pijo pale nyuma ya zizi, bado mnaitumia?"

"Hiyo? Hiyo ndiyo ilisomesha watoto wangu wote. Wewe kijana unaitakia nini?"

"Nataka irudi barabarani, guka."

"Si uikate uende kuuza?"

"Hapana, guka. Nataka ifanye kazi."

Hapo atanyamaza kidogo, alafu aanze kukuonyesha mahali alikwama mwaka fulani wa mvua kubwa. Skiza yote. Kwanza ni adabu. Pili, mzee anakupea historia ya gari bure: lini injini ilifunguliwa, nani aligonga mlango, kwa nini iliacha kutembea. Mara nyingi sababu ni kitu kidogo ka pampu ya breki, na mtoto mwenye alikuwa anailipia spea akaenda Marekani.

Bei sitakutajia. Hizi gari hazina soko moja. Kuna mzee atakupea kwa bei ya mbuzi wachache na kuna mwingine ameona moja kwa TikTok, sasa anataka doo ya ploti. Chenye nitakuambia ni ubakishe mfukoni ganji nyingi kuliko yenye umenunua nayo.

Alafu kuna karatasi, na hapa wasee wanaumia kuliko kwa kutu. Ka mwenye gari alishakufa, logbuku ikiwa bado kwa jina lake, hiyo gari si ya mjukuu mwenye anakuuzia. Ni ya familia, na transfa haiendi bila karatasi za korti za urithi. Mjukuu akikuuzia Jumamosi ju anataka doo ya wikendi, Jumatatu shosh na wajomba wanakam kuichukua na OCS yuko upande wao. Kaa chini na familia yote ama acha. Ka mwenyewe yuko hai, transfa ifanywe kwa akaunti ya NTSA akiwa amekaa na wewe, si "nitakufanyia nikipata taimu". Kabla ya hapo, safisha mahali namba ya chesisi imegongwa, ulinganishe na logbuku, namba moja baada ya nyingine. Injini pia. Pijo nyingi zimebadilishwa injini katikati ya maisha na hakuna mse aliandika popote.

Haya, chini ya gari. Beba vitu viwili: sumaku ndogo na bisibisi ya zamani. Sumaku pitisha mosmos kwa mudgadi, chini ya milango, kando ya mataa. Mahali inakataa kushika, hapo hakuna chuma, ni puti. Bisibisi tumia kugonga na kudunga floo ya kebini, mihimili ya chini, mahali betri inakaa ju asidi imekuwa ikimwagika hapo miaka na miaka, na floo ya kari, hasa ka ilikuwa ya kubeba samaki ama mbolea. Fungua boneti ucheki juu kabisa ya mudgadi kwa ndani, pale soka za mbele zinashikilia. 504 inabebea uzito wake wote wa mbele hapo. Hiyo sehemu ikiwa imeoza, gari imevunjika, ata ka bado imesimama. Wacha muuzaji akasirike na bisibisi yako. Mwenye hana kitu ya kuficha hukuletea ata tochi.

Injini sasa. Hapa ndio naipenda Pijo.

Za petroli zilikuwa za 1.6 na 1.8, zimelala upande kidogo chini ya boneti, blok ya chuma na hedi ya aluminiamu. Silinda zake hazijachongwa moja kwa moja kwa blok. Ni slivu za kuchomoa, na maji ya radieta inapita ikiguza slivu yenyewe. Kwa gari zingine, silinda zikichakaa unapeleka blok kwa mashini ikachongwe, alafu unatafuta pistoni kubwa zenye zitaingia. Kwa Pijo unachomoa slivu nne na pistoni nne, unaingiza seti mpya, injini imerudi saizi ya kiwandani. Ndio maana fundi wa Kerugoya ama Kapsabet, bila mashini yoyote ya maana, aliweza kufanya ovaholi kwa kibanda na gari ikarudi shamba. Hiyo ilikuwa akili ya wenye waliichora: walijua haitakaa karibu na woksho.

Lakini kuna mtego. Hedi ikishatoka, slivu zimekaa tu pale, hakuna kitu inazikanyaga. Fundi akizungusha krenki bila kuzifunga kwanza na vyuma vya kuzishikilia, slivu inaweza inuka kidogo sana, sili yake ya chini inaachilia, na maji inaanza kuteremkia oili. Utafunga injini, utaiwasha, utafurahi, alafu wiki chache baadaye utachomoa dipstiki upate oili imegeuka nyeupe. Na slivu lazima ijitokeze kiasi kidogo juu ya blok ndio hedi na gaskiti ziikanyage sawasawa. Hiyo inapimwa na geji, si na kidole. Kabla hujamwachia fundi injini, muulize hayo mambo mawili. Akikujibu bila kufikiria, mwachie. Akikuambia "hiyo haina maneno", mgotee vizuri usare.

Ugonjwa wake wa pili ni joto. Hedi ya aluminiamu ikichemka inapinda, gaskiti inaungua, na hapo lazima hedi ipelekwe ikasawazishwe. Mzizi wa hiyo joto mara nyingi ni feni. Peugeot waliweka feni ya sumaku ya stima: inajishika ikiwa moto, inajiachilia ikiwa baridi, ili ipunguze kelele na mafuta. Baada ya miaka arobaini, brashi yake ya kaboni imekwisha, waya imekatika, na feni inazunguka tu bila nguvu. Mafundi wengi wa hapa waliifunga moja kwa moja izunguke saa zote. Wapenzi wa orijino watanilaani, lakini mi ningeiacha hivyo. Nairobi na hii jam si Paris. Radieta ikiwa ya kopa, mse wa solda ataisafisha na kuiziba. Usikubali uuziwe ya plastiki mradi tu iingie. Na acha kuweka maji ya mfereji. Kulanti si ya mabwanyenye.

Dizeli ni stori nyingine. Zile injini zake za Indenor zina kelele, zinatetemesha meno, na kwa mlima wa Limuru utapitwa na watu wenye hawana haraka. Lakini zinakunywa kidogo na hazina kabureta ya kukusumbua. Ka unataka gari ya kazi na huna haraka na maisha, chukua dizeli. Ka unataka gari ya wikendi, petroli.

Alafu kuna hao wa "weka injini ya Toyota uache stress." Nawaskia. Spea ziko kila kona, makanika yeyote anaijua, na ukikwama Salgaa saa nane usiku hutalia. Shida ni mbili. Ukibadilisha injini, NTSA lazima wajue, gari ikaguliwe na logbuku ibadilishwe. Bila hivyo siku ya ajali bima watapata njia ya kukuhepa. Ya pili ni yangu tu: Pijo yenye inanguruma ka Hiace ni ya nini? Ungenunua Hilux, ungepata gari mzuri zaidi na stori fupi zaidi.

Spea za Pijo bado ziko. Kirinyaga Road, yenye wazae wanaita Grogan mpaka leo, kuna maduka yenye buda mwenye duka anajua namba ya pati kichwani bila kufungua kompyuta. Beba pati ya zamani mkononi, usiende na maelezo. Na chungana na bonoko: breki za bonoko hazijui wewe ni mpenzi wa gari za kitambo. Vitu vya mbele, ka boneti, grili na mataa, unaweza toa kwa 504 saluni ama wagoni iliyokufa, kwa hivyo mse akiuza mzoga wa saluni bei ya chini, ununue uweke nyuma ya keja ka landlodi ni mtu poa. Kari na mlango wake wa nyuma ndio ngori, hizo ni za pikapu peke yake, na nyingi zimegongwa na mawe ya Ndarugu mpaka zikasahau umbo. Hapo ndio jua kali inakuokoa. Kwa karatasi ya chuma na nyundo, fundi mzuri wa paneli atakutolea mlango wa nyuma wenye huwezi tambua. Atachukua taimu yake, na atataka doo ya kutangulia. Mpee ya chuma, ya kazi abaki akidai.

Mpangilio wa kazi wasee wengi wanaigeuza kichwa chini. Doo ikiwa mbichi wanakimbilia rangi ju wanataka kupost. Rangi ni ya mwisho kabisa. Anza na breki, ju hata gari ya kujaribu injini lazima isimame. Toa paipu zote za mpira, hata zenye zinaonekana poa. Mpira ukizeeka unapasuka kwa ndani. Waya za stima zicheki kabla betri iungwe: gari ya enzi hizo ina fyuzi chache, panya wamekula ngozi ya waya, na kabureta inavuja petroli juu yake. Nunua faya ekstingwisha kabla ununue redio. Alafu ndio uingie bodi.

Kwa bodi, kataa pachi juu ya kutu. Kata chuma kilichooza mpaka ufike chuma kizima, ndio uwelde kipya. Fundi akisema apulize mchanga bodi yote kutoa rangi ya zamani, mwambie aende pole kwa paneli kubwa ka boneti na paa. Hiyo mabati ni nyembamba na kugongwa na mchanga kunaipinda. Chuma ikishabaki uchi, praima ipakwe siku hiyo hiyo. Nairobi mwezi wa Aprili, ukiacha mpaka asubuhi utakuta kutu imeshaamka kabla yako. Ndani ya mihimili, mahali brashi haifiki, pulizia nta ama oili nzito. Wazee walikuwa wanapuliza oili chafu ya injini, na ukweli ni kwamba Pijo zao nyingi ndio zenye tunanunua leo.

Luku. Hapa nitagombana na watu. Najua tumekuzwa na nganya, tunapenda grafiti na mataa ya zambarau na subwufa ya kutingisha madirisha. Mi napenda nganya pia. Lakini Pijo ni kimya. Iache krimu, nyeupe, ama samawati ya kufifia. Iache na kapu za magurudumu za chuma. Usiishushe, ju umeshusha pikapu ya kupanda matuta ya Kenya unaenda nayo wapi? Kitu moja naweza kubali ni siti: za zamani haziko tena, kwa hivyo shonea kitenge ama kikoi, itabamba kuliko ile leza bandia yenye inakuchoma mapaja saa sita mchana. Na ka kuna pahali rangi ya zamani bado iko hai, na kuna jina ya duka ya guka imeandikwa kwa mlango na brashi, mi singeiguza.

Ikishamalizika, ipee kazi. Hizi gari ziliumbwa zibebe karibu tani moja, na pikapu yenye haibebi kitu inaharibika ka mtu mwenye amestaafu mapema. Kuna mambogi wanafanya kahawa kwa kari, wengine wanabeba spika za hafla, wengine wanakodisha kwa harusi na video za muziki. Lipia leseni ya kaunti kabla kanjo wakufundishe. Jua pia logbuku ikisema ni ya biashara, inspekshoni ni kila mwaka, na bima ni ya biashara. Watu si mzigo, kwa hivyo usijaze mbogi nyuma ukienda Naivasha. Karao hatajali hiyo gari ni ya mwaka gani. Plate mpya za kung'aa zenye zilikam 2022 utahitaji, na ndio, zinaharibu sura ya gari ya zamani. Lakini namba zako, ka ni za kabla ya KAA, bado zitasomeka hapo, na wenye wanajua watajua.

Ukitaka kuipima na za wengine, kuna Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, inaandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo tangu 1971. Majaji wanaangalia mpaka chini ya mazulia. Enda kwanza ka mtazamaji, uone venye wasee wanasafisha boliti na mswaki, ndio uamue ka hiyo ni maisha yako. Yangu si hiyo, mi napenda gari iko na matope, lakini hakuna mahali utajifunza haraka kuliko kusimama kando ya buda mwenye amekaa na gari moja miaka thelathini na umuulize swali.

Kwa hivyo hesabu ni hii. Ka uko na doo ya kutengeneza injini tu, na umepata Pijo yenye bodi imeliwa, achana nayo ata ikiwaka na stata moja. Ka umepata yenye injini imekufa kabisa lakini mabati yanalia ukigonga, na karatasi ziko sawa, nunua leo, injini utaijenga mwaka ujao. Na ka kuna moja kwa boma yenu huko shags, piga simu kabla ya wikendi. Uliza logbuku iko wapi na iko kwa jina ya nani, waambie waitoe chini ya huo mti, wafukuze kuku, na yule mse wa vyuma akipita aambiwe haiuzwi.